Mapadri wa Kifaransa na Shule Isiyofika Embulbul

Embulbul ni mji mdogo chini ya vilima vya Ngong, katika Kajiado, mahali ambapo barabara itokayo Nairobi, ikisha kuupita mtaa wa Karen, huuacha mpaka wa jiji na kuingia katika nchi ambayo tangu kale ilikuwa malisho ya Wamasai. Kutoka hapo hadi Lavington, ambako mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka makao yao baada ya kufika Nairobi mwezi wa Agosti 1899, ni mwendo usiozidi asubuhi moja kwa mtu aendaye kwa miguu. Na mapadri hao hawakuwa wageni wa kazi ya shule, kwani nyuma yao shirika lao lilikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya kufundisha Unguja na Bagamoyo, ambako watoto wa Kiafrika walisoma Kifaransa, wakaimba Kifaransa, na baadhi yao wakafunzwa na Kilatini kwa tamaa ya kuwa siku moja watapata upadre. Shule ya namna hiyo ilivuka bahari kutoka Réunion mpaka Unguja, ikavuka tena mpaka Bagamoyo, na waalimu wake wakaifuata reli mpaka Nairobi. Lakini haikuivuka ardhi ile fupi iliyobaki mpaka Embulbul, na hata pale Nairobi haikuwa tena shule ya Kifaransa isipokuwa kwa asili ya mapadri wenyewe. Kadiri ninavyoifuata taarikhi ya jambo hili ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sababu haikuwa upungufu wa bidii, bali ni hali ya watoto walioletwa mbele ya waalimu: kule pwani walipata watoto wasio na mzazi wa kuulizwa, na huku bara walikuta watoto wenye baba, mama, mashamba na mifugo.

Asili ya habari iko Réunion, kisiwa cha Wafaransa katika Bahari ya Hindi ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Utumwa ulifutwa kisiwani humo mwezi wa Desemba 1848, na mwaka uliofuata likaanzishwa shirika la masista, Mabinti wa Maria, ambalo liliwapokea pamoja wanawake wa kizungu na wanawake waliotoka katika utumwa, jambo ambalo kwa zama zile lilikuwa la ujasiri mkubwa. Desemba 1860 padre Armand Fava, aliyekuwa naibu wa askofu wa Réunion, alishuka Unguja pamoja na mapadri wawili na masista sita wa shirika hilo, na Krismasi ya mwaka huo wakasoma misa. Sayyid Majid bin Said, sultani wa Unguja, aliwapokea kwa wema, maana baba yake, Sayyid Said, alikuwa amefunga mkataba na Ufaransa tangu 1844, na fauka ya hayo wageni hao walikuja na tabibu na mafundi, nao mji ulikuwa na haja ya hospitali na karakana. Insafu yadai pia lisemwe jambo jingine. Kabla ya mapadri hao kufika, na kwa muda fulani hata walipokuwa wamekwisha kufika, merikebu za Réunion zilikuwa zikinunua watu katika pwani hii, wakaitwa vibarua wa mkataba, wakapelekwa kulima miwa. Hivyo kisiwa kimoja kilituletea mnunuzi na mwalimu, na haishangazi kwamba watu wa mjini waliwatazama wote wawili kwa hadhari.

Waungwana wa Unguja hawakupeleka watoto wao katika shule hiyo, wala hawakuwa na sababu ya kuwapeleka. Walikuwa na vyuo vyao, ambamo mtoto alihitimu Kurani na kujifunza hati za Kiarabu ambazo kwazo barua, hesabu za biashara na tenzi za Kiswahili ziliandikwa tangu karne zilizopita. Kwao lugha ya Mfaransa ilikuwa lugha ya balozi na ya wafanya biashara wa Marseille, yenye kutosha kujulikana na wakalimani wawili watatu. Basi wanafunzi walitoka wapi? Walitoka sokoni. Wengi wao walikuwa watoto walioletwa na misafara kutoka bara, wakanunuliwa na misheni katika soko la watumwa, na baadaye wakaongezewa na wale waliokamatwa katika majahazi na manowari za Waingereza na kukabidhiwa kwa misheni na ubalozi wa Uingereza. Mtoto wa Kinyasa au wa Kiyao aliyefika hapo akiwa na umri wa miaka saba, aliyekwisha kusahau nusu ya lugha ya mama yake na asiyeijua bado lugha ya mji, hakuwa na mtu wa kumsemea. Aliyemlisha ndiye aliyemchagulia jina, dini, kazi, na lugha ya kusomea.

Sisemi hayo kwa kuwadharau mapadri. Mtoto yule angebaki sokoni angepelekwa katika mashamba ya mikarafuu au ng'ambo ya bahari, na wengi waliokolewa na homa na ndui kwa mikono ya masista wale. Nasema kwa kuwa ndiyo siri ya urahisi ule ambao kwao shule ya Kifaransa ilisimama Unguja katika muda mfupi, ilhali kila mahali pengine katika nchi hizi ilisimama kwa shida au haikusimama kabisa.

Kazi ya Fava ilirithiwa na Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1863 alifika padre Antoine Horner, mtu wa Alsace, ambaye kwa tabia alikuwa mkulima na amiri pamoja. Yeye aliona kwamba mjini pana vishawishi vingi na ardhi kidogo, na kwa idhini ya Sayyid Majid akavuka pamoja na padre Etienne Baur, wakafungua misheni ya Bagamoyo mwezi wa Machi 1868. Hapo shule ilipata umbo lake kamili: sala kabla ya mapambazuko, masomo, kisha shamba na karakana, ambamo vijana walijifunza useremala, uhunzi na uashi, na wale walioonekana wepesi wa akili walitengwa na kufunzwa Kifaransa na Kilatini kwa matumaini ya upadre, matumaini ambayo hayakutimia katika kizazi kile. Stanley alipopita 1871 akienda kumtafuta Livingstone alistaajabu kuwakuta vijana wapatao ishirini wakipiga tarumbeta na ngoma kwa mpango, wakicheza nyimbo za Kifaransa katika mji ambao kila siku uliona misafara ikishuka na pembe na watumwa. Mwaka uliofuata kimbunga kikubwa kiliyaangusha majengo mengi ya misheni na minazi ya pwani nzima, hata hivyo Sir Bartle Frere, alipokuja 1873 kwa ajili ya mkataba wa kufunga soko la watumwa, aliisifu Bagamoyo kuwa mfano wa kuigwa. Mwingereza na Mprotestanti kuwasifu mapadri wa Kifaransa si jambo lililotukia kila siku.

Lakini Bagamoyo yenyewe ndiko Kifaransa kilikoanza kurudi nyuma. Vijana walikua, wakaoana, wakapewa nyumba na vipande vya ardhi katika kijiji cha misheni, wakawa na watoto. Na watoto hao, kwa kuzaliwa kwao mrima, walikuwa na lugha ya nyumbani, nayo ilikuwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza mapadri walikuwa na wanafunzi wenye wazazi. Mwanamke wa kijijini hakumwungamia padre kwa Kifaransa, wala fundi hakubishana naye juu ya ujira kwa Kifaransa, na padre aliyetaka kwenda bara kufungua misheni mpya katika Uluguru au Kilimanjaro alijua kwamba lugha itakayomfungulia njia ni ile ya misafara. Tangu 1885, Wajerumani walipoanza kuitwaa nchi ile, Kifaransa kilipoteza hata ile heshima ya kuwa lugha ya taifa kubwa lenye merikebu bandarini. Nao mapadri, ambao wengi wao walikuwa watu wa Alsace na hivyo walijua Kijerumani tangu utotoni, waliweza kusema na watawala wapya bila mkalimani.

Katika mageuzi hayo ndimo alimotokea mtu ambaye kwangu ni mkubwa kuliko wote waliotajwa hapa. Padre Charles Sacleux alifika 1879, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, akakaa pwani karibu miaka ishirini akifundisha, akikusanya mimea, na zaidi ya yote akisikiliza. Alisikiliza Kiunguja na Kimvita, Kiamu na Kingazija, lugha ya manahodha na ya wachukuzi, lugha ya wazee wenye kutunga mashairi na ya wanawake wenye kutwanga. Mwaka 1891 ilitoka kamusi yake ya Kifaransa kwa Kiswahili, mwaka 1909 sarufi zake, na mwishowe, akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini huko Ufaransa, ikaanza kutoka 1939 kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa katika juzuu mbili, ambayo hata leo mwanafunzi wa lahaja zetu hawezi kuipita. Alikufa 1943. Shule iliyokuja kuwafunza watoto wetu Kifaransa ilimfunza Mfaransa mmoja Kiswahili kwa kina ambacho wenyewe wengi hatukukifikia, na laiti kamusi ile ingalifasiriwa na kuwekwa katika kila maktaba ya shule kutoka Lamu mpaka Lubumbashi, tusingalilia kila mwaka kwamba maneno ya wazee yanapotea.

Huko Uganda mambo yalikwenda kwa njia nyingine na yaliishia kwa damu. Mapadri Weupe, shirika jingine la Kifaransa, miongoni mwao padre Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapera, walifika kwa Kabaka Mutesa 1879, miaka miwili baada ya Waprotestanti wa Uingereza, na katika muda usiotimia miaka kumi na mitano dini mbili zikawa vyama viwili vyenye bunduki, kimoja kikiitwa cha Wafaransa na kingine cha Waingereza, ingawa wapiganaji wote walikuwa Waganda. Vita vya Mengo vya Januari 1892, ambavyo kapteni Lugard aliviamua kwa bunduki zake za rashasha, vilimfundisha kila mtawala wa Kiingereza katika upande huu wa Afrika kuogopa jina la Mfaransa karibu na darasa. Ndiyo sababu mwaka 1895 waliletwa mapadri wa Mill Hill kutoka Uingereza, ili watu waone kwa macho yao kwamba Mkatoliki aweza kuwa Mwingereza. Nawaomba wasomaji walishike jina la Mill Hill, kwa kuwa litarudi karibu na Embulbul.

Reli ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na miezi isiyozidi mitatu baadaye askofu Emile Allgeyer, naye mtu wa Alsace, alikuja na watu wake kutafuta mahali. Ulikuwa mwaka wa msiba. Ukame, ndui na ugonjwa wa ng'ombe vilikuwa vimeipiga nchi ya Wakikuyu na Wamasai kwa pamoja, na njaa ile iliacha mayatima njiani. Hivyo misheni yao ya Lavington, iliyoitwa ya Mtakatifu Austin, ilianza, kama ile ya Unguja, kwa kulisha na kutibu. Lakini hali haikufanana kwa muda mrefu. Mvua ziliporejea Wakikuyu walirudi mashambani mwao, na mzee wa mbari alipomtoa kijana wake kwenda kusoma kwa mapadri alimtoa kwa hesabu, akijua anachotoa na anachotaka kupata, na akimtaka arudi wakati wa kulima na wakati wa kutahiriwa. Padre wa Kifaransa aliyekaa mbele ya mzee wa namna hiyo hakuweza kumwambia kwamba mtoto atasoma lugha ambayo serikali haiijui, reli haiijui, na Mhindi wa dukani haijui. Alifundisha kwa Kikikuyu na Kiswahili, na baadaye kidogo kidogo kwa Kiingereza.

Lililobaki la Kifaransa katika misheni ile lilikuwa katika udongo. Mapadri walileta mbegu za kahawa kutoka Bura katika nchi ya Wataita, ambako shirika lao lilikuwa limefungua misheni 1892, nazo ni za nasaba ya ile mibuni ya Bourbon iliyotoka Réunion. Wakaipanda Mtakatifu Austin, ikastawi, na walowezi wakaja kununua miche yao. Mpaka leo wakulima wa kahawa na wataalamu wake huiita mibuni ya aina hiyo kwa jina la misheni ya Kifaransa. Jina ambalo halikudumu darasani limedumu shambani, na mamia ya Wakikuyu waliochuma, kukoboa na kuanika pale walitoka na ujuzi ambao sheria ya kikoloni iliwakataza kuutumia katika ardhi yao wenyewe kwa miaka mingi, dhuluma ambayo haikuwa ya mapadri lakini waliishi ndani yake.

Kahawa ndiyo iliyokileta Kifaransa karibu kabisa na Embulbul, na kwa njia ambayo mtu hakuitarajia. Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong mpaka shamba lake lilipofilisika na kuuzwa 1931, amesimulia katika kitabu chake cha 1937 kwamba alikuwa rafiki wa mapadri wale, na kwamba Jumapili alipanda farasi kwenda kwao misa, si kwa kuwa alikuwa Mkatoliki, bali kwa sehemu ili apate tena kusema Kifaransa. Katika shamba hilohilo aliwafungulia Wakikuyu waliokaa kwake shule ya jioni, na waalimu wake walikuwa Waafrika waliotoka katika misheni za madhehebu mbalimbali. Kwa hiyo palikuwa na shule chini ya Ngong, na palikuwa na Kifaransa chini ya Ngong, lakini viwili hivyo havikukutana: Kifaransa kilikuwa mazungumzo ya mwenye shamba na mapadri, na shule ilikuwa ya watu waliomlimia.

Ama Wamasai, ambao nchi ya Embulbul ilikuwa yao, hao hawakuwa na haja ya shule yoyote ya wageni. Olonana, laiboni wao, yaani kiongozi wao wa dini, alikaa kando ya Ngong akifanya urafiki wa tahadhari na Waingereza. Akatia alama yake katika mkataba wa Agosti 1904 ulioitwaa ardhi ya Bonde la Ufa kwa ajili ya walowezi, na mwaka 1911, mwaka aliokufa, mkataba wa pili ukawahamisha hata wale wa Laikipia. Watu walionyang'anywa malisho mara mbili katika muda wa miaka saba walijifunza kuziangalia karatasi kwa shaka, na mwalimu huja na karatasi. Fauka ya hayo mtoto wa kiume wa Kimasai alikuwa na elimu yake, ya kujua ng'ombe kwa rangi na nasaba, ya kujua nyasi na maji, na baadaye ya umorani pamoja na rika lake. Kumtoa huko kulikuwa ni kumtoa katika watu. Wazazi walipolazimishwa na serikali kutoa watoto kwa ajili ya shule, aghalabu walificha wale waliowategemea kwa mifugo. Mfaransa angalifanya nini hapo, asiye na serikali nyuma yake wala soko mbele yake?

Mwaka 1913 nafasi ya Allgeyer ilishikwa na John Gerald Neville, Mwairishi, na baada yake wakafuata maaskofu wa Kiairishi mmoja baada ya mwingine, wote wa shirika lilelile la Roho Mtakatifu, ambalo makao yake makuu yalikuwa Paris lakini sasa lilileta Kenya waalimu wenye Kiingereza. Wazazi hawakulalamika, walikitaka Kiingereza, na walikitaka kuliko mapadri na serikali walivyokuwa tayari kukitoa. Wakikuyu walipofarakana na misheni za Kiprotestanti kwa ajili ya tohara ya wasichana mwaka 1929, walijenga shule zao wenyewe kwa michango ya shilingi na ya kazi za mikono, zile zilizoitwa za Karing'a zikienea kusini mwa Kiambu, na moja ya madai yao ya kwanza ilikuwa watoto wafunzwe Kiingereza mapema, kwa sababu ndiyo lugha ya hati za ardhi na ya mahakama. Hapo twaona jinsi lugha ya kigeni inavyoingia kwa nguvu katika darasa pale mzazi anapoipigania, hata ikiwa ni lugha ya yule aliyemdhulumu.

Lilipoundwa jimbo la kanisa la Ngong, mwaka 1959, liwe la nchi ya Wamasai, halikukabidhiwa kwa shirika la mapadri wa Roho Mtakatifu waliokaa jirani kwa miaka sitini, bali kwa Mill Hill, ndugu za wale waliopelekwa Uganda ili kulifuta jina la Wafaransa. Na Colin Davies wa shirika hilo ndiye aliyekuwa askofu wake wa kwanza tangu 1976, akalitumikia mpaka 2002. Kanisa la Embulbul na shule za eneo lake zilikulia chini ya uongozi huo, na wakati huohuo Kifaransa kilirudi Nairobi kwa mlango wa pembeni, katika Alliance Française iliyoanzishwa 1949 na katika madarasa ya sekondari ambamo kijana hukichagua kama somo la mtihani, apate kazi ya utalii au ya ubalozi.

Katika miaka ya karibuni mlango mwingine umefunguka, nao ni wa upande wa magharibi. Vita vya Kongo, Burundi na Rwanda vimewaleta watu wengi pembezoni mwa Nairobi, na wengine wameingia Kajiado, Rongai na Kitengela na miji midogo ya njia ya Ngong, wakafungua saluni, maduka ya vitenge, vyumba vya cherehani na makanisa yenye kwaya. Watu hao wana Kifaransa, na taarikhi ya Kifaransa chao ni tofauti na yetu. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika Mapadri Weupe walianza pia na watoto waliokombolewa, Kibanga na kisha Mpala, na darasa la kwanza lilikuwa la Kiswahili. Lakini nyuma yao ilisimama serikali ya Kibelgiji iliyokifanya Kifaransa kuwa ngazi ya kila cheo. Kutoka huko alitoka Stefano Kaoze, mtu wa Marungu, aliyeandika kwa Kifaransa juu ya fikira za watu wake tangu 1910, na aliyepata upadre 1917, wa kwanza katika Wakongo wa zama mpya.

Basi mama wa Bukavu aliyepanga chumba Kajiado ana shida ambayo hakuna padre aliyepata kuiona katika nchi hii. Mtoto wake yumo katika shule ya Kenya, asubuhi husoma Kiingereza, mchana hucheza kwa Kiswahili na watoto wa Kimasai, wa Kikuyu na wa Kikamba, na mwaka kwa mwaka Kifaransa cha nyumbani kinamtoka, ilhali vyeti na tamaa ya kurudi vyote vimeandikwa kwa Kifaransa. Anakitaka kifundishwe, yuko tayari kukilipia, na majirani zake wa Kikenya, tangu nchi za Afrika Mashariki zilipokubali 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kongo ilipoingia katika jumuiya 2022, wameanza kuona faida ya watoto wao kukaa katika darasa hilohilo. Naitamani shule hiyo kwa moyo wote, ianzishwe na wazazi hawa wenyewe, Embulbul au mji wowote wa jirani, ikifundisha Kifaransa kwa njia ya Kiswahili ambacho watoto wote wanakuja nacho, na juzuu mbili za Sacleux ziwe mezani kwa mwalimu tangu siku ya kwanza.